Habari za Bwana Hugh Tracey, Mnasa Nyimbo



Mhariri wa gazeti letu ameniomba muhula huu niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Nadhani alitazamia habari za mtemi, au za mpelelezi, au za kiongozi wa siasa. Mimi nimemchagua mtu aliyezunguka Afrika akiwa na maikrofoni mkononi. Sababu ya kumchagua nitaieleza kwanza, ingawa inanitia haya mbele ya wazazi wa kijana mmoja wa shule hii.

Miaka miwili iliyopita kijana huyo, mwenyeji wa upande wa Magu, wakati huo akiwa Kidato cha Pili, alinijia akaniambia kwamba babu yake, mzee wa miaka zaidi ya 80, angali akipiga zeze na kuimba nyimbo za mashindano ya zamani ya Wagika na Wagalu. Wasukuma mnaosoma mnaijua habari hiyo. Wageni niwaeleze kwa ufupi kwamba hayo ni makundi mawili ya ngoma, ambayo tangu zamani hushindana baada ya mavuno, kila moja likijaribu kuvuta watazamaji wengi kuliko lenzake. Kijana alitaka Chama cha Muziki, ambacho mimi ni mlezi wake, kinase nyimbo za babu yake kabla hazijapotea. Nikafurahi sana. Lakini nikasema neno ambalo leo natamani nisingalilisema. Nikasema kazi ya heshima hufanywa mahali pa heshima, basi tungoje mpaka tupate fedha za studio.

Tukachanga muhula mzima. Wazazi wengine walitoa, wengine walituuliza kwa nini watoto wachangie zeze badala ya vitabu. Hatimaye fedha za saa moja zikapatikana, na mzee akaja Mwanza kwa basi, amevaa koti lake la sikukuu, zeze limefungwa ndani ya kanga. Akaingizwa katika chumba kidogo ambacho kuta zake zote zimefunikwa sponji, kioo mbele yake, akavishwa visikizio masikioni. Fundi wa pale alikuwa kijana mpole, alifanya kila alichoweza, wala sina lawama naye. Kosa lilikuwa langu. Nyimbo za mzee yule ni nyimbo za kuitikiwa. Mwimbaji huita, watu hujibu, na katika jibu lao yeye hupata neno lake linalofuata. Mle chumbani hapakuwa na wa kujibu. Alianza mara tatu, na mara tatu akanyamaza, akauliza watu wako wapi. Saa yetu ikaisha.

Tukapatana kwamba tutachanga tena, na safari ya pili waitikiaji waje naye. Mzee alifariki wakati wa likizo ya Desemba. Tulicho nacho ni dakika 11 za kikohozi, nyuzi zikikazwa, na swali lile.

Baada ya msiba nikaanza kusoma habari za watu walionasa nyimbo zamani, nijue wao walifanyaje. Ndipo nikakutana na Bwana Tracey. Jina lake halisomwi sana katika madarasa yetu, lakini popote duniani watu wanapozungumza juu ya sauti za kale za Afrika, yeye hakosi kutajwa. Tena alifika huku kwetu.

Hugh Tracey alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Devon, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka 20, alisafiri kwenda Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake katika shamba la tumbaku. Kazi ya tumbaku yataka mikono mingi, na mikono mingi huku Afrika haifanyi kazi kimya. Tracey alifanya kazi bega kwa bega na vibarua, watu wa Kikaranga ambao ni jamaa ya Washona, akajifunza lugha yao, na nyimbo zao akazijua kwa moyo. Walowezi wengi wa siku zile hawakuona kuwa ule ni muziki. Yeye aliona, na tangu hapo tumbaku ikapoteza mtu.

Mwaka 1929 kampuni ya santuri ya Columbia ya London ilikuwa imeleta mitambo yake Johannesburg. Tracey akawachukua vijana 14 wa Kikaranga, akasafiri nao karibu kilomita 800 mpaka huko, wakaimba mbele ya mitambo hiyo. Hizo zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza za muziki wa wenyeji wa nchi ile.

Hapa wasomaji watamkumbuka Siti binti Saad. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1928, Siti na wenzake walipanda meli kutoka Unguja wakavuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, ili sauti zao zinaswe katika santuri. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Studio ilikaa mahali pake kama mfalme, na mwimbaji ndiye aliyesafiri kwenda kuiona. Siti alikwenda na wapigaji wake mwenyewe, watu waliozoeana miaka mingi, na hapana shaka hilo lilimsaidia. Santuri zake zilienea Afrika Mashariki yote. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba naidharau studio. Mahali pazuri penye fundi mzuri pamewapa watu wetu sifa kubwa. Swali langu ni juu ya wale ambao hawawezi kubebwa wakafikishwa huko pamoja na kila kinachoufanya wimbo wao uwe wimbo.

Nadhani Tracey naye lilimsumbua swali hilo, kwa sababu baada ya safari ile ya Johannesburg maisha yake yaligeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipata msaada wa fedha kutoka shirika la Carnegie la Marekani, akazunguka vijiji vya Rhodesia akinasa nyimbo katika sahani za alumini. Sauti ilichorwa juu ya chuma hicho kwa sindano, na ukikosea sahani imekwisha haribika. Fedha zikaisha upesi, kama fedha za msaada zilivyo. Akaingia kazi ya redio Afrika Kusini, na kwa miaka zaidi ya 10, mpaka 1947, alisimamia kituo cha utangazaji cha Durban.

Basi msimfikirie kuwa mtu wa porini asiyejua studio. Aliijua kwa ndani, kuta zake nene, saa yake ya ukutani, na taa nyekundu inayowaambia watu wanyamaze. Lakini kila alipopata nafasi alikuwa akienda Msumbiji kwa Wachopi, wanaopiga marimba makubwa yaitwayo timbila, watu wengi kwa pamoja. Mwaka 1948 alitoa kitabu juu yao. Ukitaka kuingiza kundi la timbila pamoja na wachezaji wake katika chumba cha redio, itakubidi kwanza ubomoe ukuta.

Mwaka 1947 kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg ilikubali kugharimia utafiti wake. Kampuni ilitaka santuri za kuuza, naye alitaka kunasa kila alichoweza kabla hakijanyamaza. Hesabu za watu hao wawili hazikuwa moja, lakini zilitosha kununua lori na mafuta.

Mwaka 1950 akaingia Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Waingereza. Alinasa Wagogo, Wahehe, Wazaramo na Wanyamwezi, na huku kwetu ziwani alinasa Wasukuma, na upande wa magharibi wa ziwa Wahaya, ambao nanga yao, ule ubao wenye nyuzi, ni chombo cha kusimulia habari za watemi na mashujaa. Nilipoijua habari hii nilikaa kitako. Mwaka ule wa 1950 babu wa kijana wetu wa Magu alikuwa kijana mdogo. Labda alisikia watu wakisema kwamba kuna Mzungu anayenasa nyimbo. Labda hakusikia. Sasa hapana wa kumwuliza.

Nataka kukaa kidogo juu ya jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu ndilo nililolitafuta.

Kwanza, hakuwaondoa watu mahali pao. Kama ngoma ni ya uwanjani, aliinasa uwanjani, na kama zeze ni la barazani, alilifuata barazani. Mitambo yake ilihitaji umeme, na umeme ulitoka katika jenereta yenye kelele. Basi jenereta aliiacha mbali, akavuta waya mrefu mpaka penye watu. Hilo ni jambo dogo, nanyi mtasema kila mtu angalijua. Mimi sikujua. Mara ya kwanza tuliponasa kwaya yetu nje ya bwalo, jenereta ya shule ilikuwa hatua 20 nyuma yetu, na ukisikiliza leo utadhani kwaya inaimba ndani ya mashine ya kusaga.

Pili, alishika maikrofoni mkononi. Wengine huisimamisha juu ya mguu wa chuma, wakaiacha hapo. Yeye alitembea nayo. Kiongozi akiita, aliielekeza kwake, na waitikiaji wakijibu, aliigeuza kwao. Ngoma zikizidi nguvu alirudi nyuma, na mpigaji akifanya jambo la ufundi kwa vidole alisogea karibu. Alikuwa na maikrofoni moja tu, lakini ilifanya kazi ya masikio ya mtu anayetembea katikati ya ngoma. Kwa ajili hiyo ilimbidi aujue wimbo kabla ya kuunasa. Aliwasikiliza kwanza, akajua nani anaanza na nani anafuata, ndipo akawasha mtambo. Ufundi huo haununuliwi dukani.

Tatu, aliandika. Alikuwa na vyuma vidogo vyenye meno mawili, ambavyo ukivigonga kila kimoja hutoa sauti yake isiyobadilika, na kwa hivyo alipima sauti ya kila ubao wa marimba na kila uzi, akaandika hesabu zake. Aliandika jina la wimbo, lugha, mahali, mwaka, aina ya chombo, na mara nyingi majina ya waliopiga. Katika chama chetu tuna sauti 40 hivi katika simu na kompyuta. Nyingi zinaitwa kwa namba ambazo simu yenyewe ilizitia. Hata mimi sikumbuki ni nani anaimba katika sauti ya nane.

Lakini yako mambo ambayo Tracey hakuweza kuyashinda. Santuri ya siku zile, ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, haikuchukua upande mmoja zaidi ya dakika 3 na kitu. Wimbo unaoimbwa kutoka magharibi mpaka usiku wa manane ulikatwa ukawa wa dakika 3. Mtu akisikiliza santuri zile anaonja tu, hashibi.

Katika safari hiyo hiyo ya 1950 alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis huko Kenya, nako akanasa jambo la kuchekesha na la ajabu. Santuri za mwimbaji mmoja wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, zilikuwa zimefika huko, na watu walizipenda sana. Jina lake likageuka katika vinywa vya Wakipsigis likawa Chemirocha, na yule mtu akawa kiumbe, nusu binadamu na nusu paa, naye wasichana wakamtungia wimbo wa kumwita aje acheze. Fikirini safari hiyo. Sauti ya Mmarekani ilitoka katika chumba cha studio, ikavuka bahari ndani ya sahani, ikatua kijijini, ikageuzwa wimbo wa Kikipsigis, na Mwingereza mwenye lori akaunasa tena chini ya mbingu. Mpaka leo wimbo huo wapendwa na watu wasiojua neno moja la Kikipsigis.

Jambo la Kampala ni zito zaidi. Katika safari zake za 1950 na 1952 Tracey alinasa muziki wa nyumba za wafalme wa Uganda, na huko Buganda alinasa wapigaji wa Kabaka. Miongoni mwao walikuwa wapigaji wa entenga, ngoma 12 zilizopangwa sauti kama marimba, pamoja na nyingine 3 za kuzisindikiza, zikipigwa na watu 6. Kazi hiyo ilikuwa ya koo maalumu, na ngoma hizo zilikuwa za mfalme peke yake. Mwezi wa Mei mwaka 1966 jeshi la serikali lililishambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, na wapigaji wake wakatawanyika. Baada ya hapo entenga haikusikika kwa miaka mingi. Katika miaka ya karibuni vijana wa Buganda wamejifunza upya kutoka kwa mzee aliyebaki, lakini mtu akitaka kusikia jinsi wale wa zamani walivyopiga pamoja ndani ya jumba, atapata katika vipande hivyo vya dakika chache.

Laiti Tracey angalingoja Kampala ijengwe studio ya kufaa ngoma za mfalme! Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo.

Mwaka huo huo wa 1952 alikwenda Katanga, Kongo, na katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, akamnasa kijana mpiga gitaa aitwaye Mwenda Jean Bosco. Santuri zake zilienea mpaka Kenya na kwetu, na vijana wengi walijifunza gitaa kwa kumwiga. Natia jambo hili hapa kwa sababu Tracey mwenyewe hakupenda sana muziki wa mjini. Aliona kwamba gitaa na nyimbo za kigeni zinaua vyombo vya asili, akasema hivyo mara nyingi. Walakini alipolisikia gitaa zuri alilinasa. Masikio yake yalikuwa na hekima kuliko maoni yake.

Mwaka 1954 alianzisha maktaba kubwa ya muziki wa Kiafrika karibu na Roodepoort, Afrika Kusini, kwa msaada wa mfuko wa Nuffield wa Uingereza. Kutoka huko zilitoka santuri zaidi ya 200, kubwa za muziki mrefu kidogo, zikiwa na nyimbo za nchi nyingi, tangu kusini mpaka Kongo na Uganda. Vilevile alianza kutengeneza marimba ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, akaiita kalimba, na jina hilo likaenea dunia nzima. Wagogo walikuwa na ilimba yao tangu zamani, wala hawakuhitaji kuipata dukani.

Sasa niseme upande wa pili, kwani maisha ya mtu yakiandikwa kwa sifa tupu msomaji hudanganyika. Tracey alifanya kazi yake chini ya ukoloni, na milango mingi ilifunguliwa na mabwana shauri na machifu waliokuwa chini yao. Mtu akiitwa na serikali aje aimbe, ni vigumu kujua kama amependa. Alinasa na kuandika pia juu ya ngoma za wafanyakazi wa migodi ya dhahabu ya Johannesburg, ngoma zilizochezwa katika viwanja vya wenye migodi, na watazamaji wageni walizishangilia bila kuuliza habari za mabweni ya wachezaji. Yeye ndiye aliyechagua kipi kinaswe na kipi kiachwe. Na kwa miaka mingi sahani hizo zilikaa mbali na vijiji zilikotoka. Mjukuu wa mwimbaji aliweza kuishi na kuzeeka asijue kwamba sauti ya babu yake iko katika kabati Afrika Kusini.

Bwana Tracey alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1977. Mwaka uliofuata maktaba yake ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji wa Grahamstown, ambao sasa unaitwa Makhanda, na mwanawe Andrew, naye mwanamuziki hodari, akaiongoza kwa miaka mingi. Katika miaka yetu hii watunzaji wa maktaba hiyo wameanza kuzirudisha sauti makwao. Walikwenda Kenya kwa Wakipsigis na nyimbo za 1950, wakawapigia watu wa pale pale, na baadhi ya wazee waliokuwapo siku ile ya kunaswa walikuwa hai bado, wakajisikia wakiwa vijana. Nimejaribu kufikiri nyuso zao, nashindwa.

Sasa nirudi shuleni. Baada ya kusoma haya niliwakusanya wanachama nikawaeleza yote, pamoja na kosa langu. Kijana wa Magu alikuwapo. Hakusema kitu mpaka mwisho, kisha akasema kwamba waitikiaji wa babu yake wako hai, watatu, na mmoja wao anazijua nyimbo nyingi ingawa hakuwa kiongozi.

Tumegeuza stoo ya nyuma ya bwalo kuwa mahali pa kunasia. Magodoro ya zamani ya bweni tumeyasimamisha ukutani, mablanketi tumeyatundika mlangoni, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayependa fizikia ametueleza kwa nini ukuta mtupu hurudisha sauti na godoro huimeza. Humo twanasa mtu mmoja mmoja, mashairi, magitaa, na waliojifunza kuimba peke yao. Si mahali pabaya. Mvua ikinyesha juu ya bati tunaacha kazi, tunakula miwa. Kwaya kubwa, ile ya mahafali, bado tunaipeleka studio ya mjini tukipata fedha, kwa kuwa sauti 30 zataka maikrofoni nyingi na mtu ajuaye kuzipatanisha, na humo stoo watoto hawaenei.

Lakini wale wazee watatu hatukuwaita stoo wala mjini. Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, tulikwenda sisi. Tulikuwa na simu mbili, maikrofoni moja ya kuazima, betri, na daftari. Tulifika asubuhi kabla ya upepo wa ziwa kuanza, maana upepo huo ukiingia ndani ya maikrofoni hunguruma kama simba. Palikuwa na jabali kubwa nyuma ya nyumba, la namna hii yetu ya Mwanza, nami nikadhani litatuharibia sauti kwa mwangwi. Wazee wakataka kukaa hapo hapo, kwani ndipo walipozoea kuimba na marehemu. Tukawaacha. Msichana wa Kidato cha Nne alishika maikrofoni, akatembea nayo polepole kutoka kwa mmoja hadi mwingine kama alivyofanya yule Bwana. Majirani wakaja, wakakaa, na kabla ya wimbo wa pili walikuwa wanaitikia. Mbuzi analia katika wimbo wa tatu. Jabali halikuharibu kitu.

Zeze la marehemu lilikuwapo, limening'inizwa ndani. Mjukuu alilitoa akalishika mapajani muda wote, hakulipiga. Mzee mmoja alimwambia alete siku nyingine, atamwonyesha mahali pa vidole.

Tumepata nyimbo 9, dakika 52 kwa jumla, na majina ya walioimba yote yameandikwa, kwa ruhusa yao. Nakala moja imebaki kwao katika kadi ya simu ya mjukuu mmoja, nyingine iko maktaba ya shule. Tumekusudia kupeleka ya tatu kwenye kituo cha makumbusho ya Wasukuma cha Bujora, huko Kisesa, kama watatukubalia.

Wazazi mnaosoma gazeti hili, kama kwenu yuko mzee aimbaye, apigaye chombo, au ajuaye nyimbo za kulima na za mitumbwi, tafadhalini mtumieni mtoto atuletee habari kabla shule hazijafungwa. Nauli tutajitegemea. Msimlete mjini. Tutakuja Jumamosi asubuhi, na mkeka tutaomba hapo hapo.